Namna ya kukihoji kitabu cha uuguzi kabla hujakiamini: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Wanafunzi wanaoniletea vitabu vyao nivitazame huniuliza karibu wote swali lile lile: "Mkufunzi, hiki ni kizuri?" Nami nikiwauliza wao wamekipima vipi, majibu huwa ni matatu. Kitabu ni kinene. Dada wa mwaka wa tatu alikitumia akafaulu. Au kina maswali mengi yenye majibu nyuma. Hakuna kati ya hayo linalogusa kilichoandikwa ndani. Hivyo mwanafunzi hutoa fedha ambayo nyumbani ingelisha familia, husoma kwa bidii muhula mzima, kisha akifika wodini hukuta kwamba dozi aliyoikariri iliachwa zamani, au kwamba vipimo alivyovizoea havionekani kwenye mashine yoyote hospitalini hapo.

Kosa linalorudiwa ni la kutaka kukipima kitabu kwa kukisoma. Mtu ambaye bado anajifunza somo hawezi kugundua makosa ya kitabu kwa kukisoma mfululizo, kwa kuwa kila sentensi ni mpya kwake na kila sentensi iliyochapwa vizuri inaonekana kuwa kweli. Kitabu hupimwa kwa kuhojiwa: unaandaa maswali machache ambayo majibu yake umekwisha kuyathibitisha mahali pengine, kisha unakwenda moja kwa moja kwenye kurasa zinazohusika na kuona kitabu kinajibu nini. Kazi hiyo huchukua kama saa moja na nusu, na mtu akizoea hata dakika arobaini zinatosha.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mwanafunzi wa Tanzania aliye katika ngazi ya 4 hadi ya 6, yaani astashahada hadi stashahada, na anayejiandaa kwa mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Msomaji wa Kenya, Uganda au kwingineko atumie hatua zile zile, ila aweke mtaala na miongozo ya nchi yake mahali pa ile ya Tanzania.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muhtasari wa moduli unayotafutia kitabu, kama ulivyotolewa na chuo, wenye orodha ya mada na malengo yake.
- Mwongozo wa taifa wa tiba pamoja na orodha ya dawa muhimu. Kwa Tanzania Bara, toleo la 2021 linapatikana kwa softkopi bila malipo.
- Mtihani mmoja wa zamani wa chuo chako, ikiwezekana wenye majibu yaliyosahihishwa na mkufunzi.
- Daftari, kalamu za rangi mbili na kalkuleta ya kawaida.
- Fomu tupu zinazotumika wodini: chati ya uchungu, chati ya maji yanayoingia na kutoka, na chati ya dawa.
- Mwenzako mmoja wa darasa, kwa ajili ya hatua ya 6 na ya 7.

Usianze kazi hii dukani ukiwa umesimama na muuzaji anakutazama usoni. Azima nakala maktaba au kwa mwenzako, na ukishindwa kabisa, omba kupiga picha ukurasa wa haki miliki, yaliyomo na kurasa chache utakazozitaja mwenyewe. Muuzaji anayekataa hata hilo amekwisha kukupa sehemu ya jibu.

## Hatua ya 1: Andika kazi moja unayotaka kitabu kifanye

Kabla ya kufungua chochote, andika sentensi moja: "Nataka kitabu cha kunieleza fiziolojia ya moyo kwa kina," au "Nataka maswali ya kujipima ukunga wiki sita kabla ya mtihani." Kitabu cha kiada hueleza kwa nini jambo linatokea. Kitabu cha stadi huonyesha namna ya kufanya jambo hatua kwa hatua, kama vile kuweka mpira wa mkojo au kufunga kidonda. Kitabu cha marejeo ya mtihani hukupima tu, na kitini ni muhtasari wa yale ambayo mtu mwingine aliona ni muhimu.

Sababu ya kuandika ni kwamba wengi hununua kitabu cha maswali wakitaka kifanye kazi ya kitabu cha kiada. Wanakariri kwamba jibu ni "C", na mtihani ukibadilisha umri wa mgonjwa wanabaki wamekwama.

Dalili kwamba umefanikiwa: sentensi yako inataja mada, kazi na wakati, nawe unaweza kukikataa kitabu kizuri kwa kuwa tu hakifanyi kazi hiyo.

## Hatua ya 2: Soma ukurasa wa haki miliki, usidanganywe na jalada

Fungua ukurasa wenye ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, na miaka. Tafuta mwaka wa toleo na uutenganishe na mwaka wa kuchapwa upya. Kitabu kinaweza kuandikwa kwamba kilichapwa upya mwaka 2022 ilhali toleo lenyewe ni la 2008. Karatasi ni mpya, maneno ni yale yale. ISBN yenye tarakimu kumi peke yake hukudokeza kwamba kitabu kilichapwa kabla ya 2007, mwaka ambao tarakimu kumi na tatu zilianza kutumika rasmi.

Umri wa kitabu una uzito tofauti kwa kila somo. Kitabu cha anatomia cha miaka kumi na tano bado kinakufaa, kwa kuwa figo haijahama. Kitabu cha ukunga, cha dawa au cha magonjwa ya kuambukiza chenye umri huo kichukulie kuwa kimepitwa na wakati mpaka kithibitishe vinginevyo katika hatua inayofuata.

Tahadhari kwa nakala za PDF. Nakala zilizopita katika programu nyingi kabla hazijafika kwenye simu yako hupoteza alama. Alama ya mikrogramu, ile herufi ya Kigiriki inayofanana na "u" yenye mkia, katika baadhi ya mageuzi ya faili hugeuka kuwa "m" ya kawaida. Misoprostoli ya mikrogramu 600 inasomeka miligramu 600, yaani mara elfu moja zaidi. Alama ya "kubwa kuliko au sawa na" hugeuka kuwa tarakimu ndogo ya 3 iliyo juu ya mstari, na ile ya "ndogo kuliko au sawa na" huwa alama ya pauni ya Uingereza. Ukiona alama ya pauni katikati ya sura ya presha ya damu, mwandishi hakuwa anazungumzia fedha: faili limeharibika, na dozi zote zilizomo usiziamini.

## Hatua ya 3: Uliza maswali ya kupimia

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko nyingine zote. Swali la kupimia ni jambo ambalo utaratibu wake ulibadilika katika mwaka unaojulikana, kiasi kwamba jibu la kitabu linafichua mwandishi alikuwa amesimama wapi alipoandika. Hapa chini ni maswali ninayoyatumia mimi. Chagua matatu au manne yanayohusu somo lako, uyathibitishe kwenye mwongozo wa taifa, kisha uende kwenye faharasa.

Malaria kali. Kitabu kinachoanza na dripu ya kwinini kama tiba ya kwanza ni cha zamani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya artesuneti kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Kitabu kilichosasishwa vizuri kitakwenda mbali zaidi: kitakuambia kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na aliye na kilo 20 au zaidi, pamoja na mtu mzima, hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Sindano hutolewa mwanzo, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza dawa mseto. Kikitaja artesuneti lakini kikampa mtoto mdogo miligramu 2.4, mwandishi aligusa sura hiyo kabla ya 2015 na hakurudi tena.

Kufufua moyo. Angalia mpangilio kwa mtu mzima. Tangu 2010 miongozo ya Marekani inaanza na kubonyeza kifua, ndipo inafuata njia ya hewa na pumzi. Uwiano wa mibonyezo 15 kwa pumzi 2 uliachwa mwaka 2005, ukawa 30 kwa 2. Kina cha sentimita 5 kisichozidi 6, na kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, ni vya 2015. Swali hili moja linaweza kukupa umri wa sura kwa makadirio ya miaka mitano, na ni la haraka, kwa kuwa namba zake zote hukaa kwenye ukurasa mmoja.

Mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Mfumo wa mahudhurio manne ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na pendekezo la mara nane likatoka mwaka 2016. Kitabu kinachotaja manne bila kutaja nane hakijaguswa tangu wakati huo.

Uchungu wa kujifungua. Je, kitabu kinasema hatua hai ya uchungu huanzia sentimita ngapi za kufunguka kwa mlango wa kizazi? Chati ya awali ilianzia 3, iliyorekebishwa ikaanzia 4, na mapendekezo ya 2018 yanasema 5. Chati mpya ya huduma wakati wa uchungu ilitoka mwishoni mwa 2020. Hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa wodi nyingi hubadilika polepole kuliko vitabu. Chukua ile fomu tupu uliyoandaa, uiweke kando ya mchoro wa kitabu, utazame kama mistari inalingana. Kitabu kinachoeleza chati ya zamani na chati mpya na kusema ipi ilitangulia kitakusaidia zaidi ya kile kinachoijua moja tu, hata kama moja hiyo ndiyo mpya.

Kutokwa damu baada ya kujifungua. Tafuta asidi ya traneksamiki. Pendekezo la kuitoa gramu 1 kwenye mshipa mapema, ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe, ni la 2017. Isipokuwamo, sura hiyo ni ya kabla yake.

Kuharisha kwa watoto. Kitabu kiseme zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na chumvichumvi ya kunywa, kama ilivyopendekezwa mwaka 2004. Kitabu kisichotaja zinki kabisa ni cha kale mno. Sijui kwa nini bado kinauzwa, lakini nimekiona.

Kifua kikuu. Kama kinampa sindano za streptomaisini mgonjwa aliyewahi kutibiwa ugonjwa huo, kwa utaratibu ulioitwa wa kundi la pili, kiliandikwa kabla ya 2017, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilisema utaratibu huo usitumike tena.

Andika matokeo kwenye daftari kwa rangi mbili: moja kwa jibu lililo sahihi, nyingine kwa jibu lililopitwa. Usikitupe kitabu kwa kosa moja, kwa sababu vitabu vikubwa huandikwa na watu wengi na sura moja huweza kusahauliwa. Makosa mawili katika maswali manne yanamaanisha kwamba toleo "jipya" lilibadilishwa jalada tu.

Tahadhari: kitabu kinaweza kulingana na mapendekezo ya dunia na bado kisilingane na mwongozo wa taifa lako, au kinyume chake. Katika mtihani na wodini unafuata mwongozo wa taifa. Ukikuta tofauti, mwulize mkufunzi kwa kumwonyesha kurasa zote mbili, maana ukimwendea mikono mitupu utajibiwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mkufunzi nayo ina tarehe yake.

Dalili kwamba umefanikiwa: unaweza kutaja, sura kwa sura, mwaka ambao kitabu kilisimama.

## Hatua ya 4: Kagua vipimo, majina ya dawa na vifaa

Vitabu vingi vya marejeo vinavyozunguka kwenye simu za wanafunzi wetu viliandikwa kwa ajili ya mtihani wa leseni wa Marekani. Ni kazi nzuri, lakini vinazungumza na wodi nyingine. Sukari kwenye damu humo huandikwa kwa miligramu kwa desilita, ilhali mashine zetu nyingi husoma milimoli kwa lita. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "chini ya 70 ni hatari" akiona 5.6 kwenye kimashine anaweza kushtuka bure, au akiona 3.0 asijue kwamba ni sawa na 54 kwa vipimo vya kitabu chake. Kugeuza, gawanya kwa 18. Joto la mwili huandikwa 100.4 badala ya 38. Parasetamoli inaitwa asetaminofeni, adrenalini ni epinefrini, salbutamoli ni albuteroli, na pethidini ni meperidini.

Lililoniuma mimi mwenyewe lilikuwa la matone ya dripu. Nikiwa mwaka wa pili nilinunua kitabu cha mtumba kilichotandazwa chini barabarani, kizuri, chenye michoro ya rangi. Hesabu zake zote zilitumia mrija wa matone 15 kwa mililita. Niliikariri namba hiyo kama vile ni sheria ya maumbile. Wodini nikapewa kuweka lita moja ipite kwa muda wa saa nane, nikazidisha 1000 kwa 15, nikagawanya kwa dakika 480, nikapata matone 31 kwa dakika, nikarekebisha mrija kwa uangalifu huku nikitazama saa. Pakiti ya mrija ule, ambayo nilikuwa nimekwisha kuitupa kwenye ndoo, ilikuwa imeandikwa matone 20 kwa mililita. Nilipaswa kupata 42. Zamu ilipokaribia kwisha chupa ilikuwa bado na robo yake, na muuguzi kiongozi aliiokota ile pakiti, akaniwekea mkononi bila kusema neno.

Basi fanya hivi: fungua sura ya hesabu za dripu, uangalie kama kitabu kinamwambia msomaji asome namba iliyo kwenye pakiti kabla ya kuhesabu, na kama kina mifano ya matone 20 na ya 60. Kisipokuwa nayo, andika kwa kalamu juu ya ukurasa: "SOMA PAKITI."

Vitabu vya India navyo vinatumika sana hapa kwa sababu bei yake ni nafuu na mpangilio wake unaeleweka. Sehemu za anatomia na stadi hazina tatizo. Sura za afya ya jamii ndizo za kuziruka, kwa kuwa zinaeleza mipango ya afya ya India na ratiba yake ya chanjo, ambayo katika baadhi ya wilaya ina chanjo zisizo kwenye kadi ya mtoto ya kwetu.

Dalili kwamba umefanikiwa: una ukurasa mmoja wa daftari wenye majedwali mawili, la vipimo na la majina ya dawa, unaoweza kuubandika ndani ya jalada.

## Hatua ya 5: Kipe kitabu dozi moja ngumu

Chagua dawa moja ambayo kosa lake huua, ukaifuate ndani ya kitabu kutoka kichupani mpaka kwa mgonjwa. Mimi hutumia magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kwa sababu inakusanya kila kitu: nguvu ya dawa, kuchanganya, njia mbili za kutoa, ufuatiliaji na dawa ya kuondoa sumu.

Kitabu duni kitasema: "Mpe gramu 4 kwenye mshipa taratibu, kisha gramu 10 kwenye misuli." Sentensi hiyo ni sahihi, na haimsaidii mtu aliyeshika bomba la sindano usiku. Kitabu kizuri kitasema kwamba dawa iliyo kwenye kichupa kwa kawaida ni ya asilimia 50, yaani gramu 1 katika kila mililita 2. Kwamba gramu 4 ni mililita 8. Kwamba asilimia 50 haiingizwi kwenye mshipa kama ilivyo, hivyo unaongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20. Na kwamba zile gramu 10 zinagawanywa tano kwa kila tako, zikiwa za asilimia 50, pamoja na dawa ya ganzi kidogo.

Kisha kitabu kiendelee. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, ambayo ni gramu 5 kwenye misuli kila baada ya saa nne, muuguzi anahakikisha kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe karibu na kitanda, si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake umekwenda nyumbani na mtu wa zamu ya mchana.

Funika ukurasa kwa karatasi, ufanye hesabu mwenyewe, kisha ufunue na ulinganishe. Kama umeshindwa kufanya hesabu kwa sababu kitabu hakikukupa nguvu ya dawa, tatizo si hisabati yako.

Tahadhari: tazama pia namna namba zinavyoandikwa. Kitabu kinachoandika "1.0 mg" kinamzoesha msomaji jambo ambalo nukta ikififia kwenye chati husomeka 10. Kinachofupisha yuniti za insulini kwa herufi "U" kinaweza kusababisha 10 isomwe 100. Kosa la aina hii likijirudia, mhariri wa kitabu hajakaa wodini siku nyingi.

Dalili kwamba umefanikiwa: umefika kutoka kichupani hadi kwenye dawa ya kuondoa sumu bila kufungua kitabu cha pili.

## Hatua ya 6: Kwa vitabu vya maswali, pima maelezo ya majibu

Idadi ya maswali haina maana yoyote. Chukua maswali 20 ya sura moja, uyajibu pamoja na mwenzako, kisha msome maelezo. Tuseme swali ni hili: mama aliyejifungua saa mbili zilizopita amelowanisha pedi ya pili, na ukimgusa tumbo mfuko wa uzazi ni laini. Unaanza na nini: kumpigia daktari simu, kukanda mfuko wa uzazi, kupima presha, au kuweka dripu ya pili?

Kitabu cha kwanza kitaandika "B" na kuishia hapo. Cha pili kitaongeza kwamba mfuko umelegea. Cha tatu, ambacho ndicho cha kununua, kitaeleza kwamba kulegea kwa mfuko ndiko chanzo kikuu cha damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua, na kwamba mkono wako ambao tayari uko tumboni unaanza kukanda huku ukiita msaada kwa sauti. Kitaongeza kwamba presha ya mama kijana inaweza kubaki ya kawaida kwa muda huku damu ikipotea, hivyo kuisubiri kunachelewesha. Dripu inahitajika, kitasema, lakini haizibi mahali damu inapotoka. Kwa maneno mengine, kitabu kizuri kinakueleza kwa nini majibu matatu mengine yanavutia na bado si ya kwanza. Majibu yasiyo sahihi ndiyo yanayofundisha zaidi, na mwandishi mvivu ndiyo anayoyaruka.

Hesabu pia ni maswali mangapi yanayotaka kumbukumbu tupu na mangapi yanayotaka uamuzi. Linganisha na mtihani wa zamani ulioandaa. Kama mtihani wenu una maswali ya kueleza na ya kupanga huduma kwa mgonjwa aliyetajwa, kitabu chenye maswali ya kuchagua peke yake kitakuacha ukiwa na kasi bila maneno.

Anayejiandaa kwenda kufanya kazi Marekani anahitaji kitabu cha Marekani, na hapo cha kuangalia ni kama kimeandikwa kwa muundo mpya wa mtihani wao ulioanza Aprili 2023. Kwa mtihani wa hapa nyumbani, kumbuka kwamba vitabu hivyo humweka muuguzi kwenye wodi yenye wasaidizi wa kugawiwa kazi na daktari anayepokea simu papo hapo. Muuguzi wa zahanati ambaye yuko peke yake usiku, na gari la wagonjwa liko saa mbili mbali, hakuwamo akilini mwa mtunzi.

Dalili kwamba umefanikiwa: mwenzako aliyekosea swali anaweza kukueleza kwa nini alikosea, kwa kutumia maelezo ya kitabu tu.

## Hatua ya 7: Jaribu faharasa na kurasa mbili

Hatua hii ni fupi. Tafuta maneno matatu kwenye faharasa, mojawapo likiwa jina la dawa, na usizidi dakika moja kwa kila neno. Kisha soma kurasa mbili za mada usiyoijua, ufunge kitabu, umweleze mwenzako kwa Kiswahili. Masomo yetu yako kwa Kiingereza, na mtu anaweza kusoma kurasa kumi akaondoka na sauti ya maneno tu. Ukiweza kueleza kwa Kiswahili bila kurudi kitabuni, lugha yake unaimudu. Ukishindwa kwa vitabu viwili mfululizo, anza na kitabu chepesi zaidi. Hakuna aibu ndani yake.

## Hatua ya 8: Vitini vya steshenari vipite mlango huo huo

Kitini kilichobanwa kwa pini kinaweza kuwa na thamani kubwa, kwa sababu mara nyingi kimefuata muhtasari wa moduli kuliko kitabu chochote. Udhaifu wake ni kwamba hakina mwandishi wa kuulizwa. Kinanakiliwa mwaka hadi mwaka, na kosa la mtu mmoja aliyesinzia darasani linakuwa elimu ya chuo kizima. Kihoji kwa maswali yale yale ya hatua ya 3 na ya 5, na usikubali dozi yoyote ambayo hujaiona kwenye mwongozo wa taifa.

Siku hizi vipo pia vitini vilivyofupishwa na programu za akili unde. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha mwanafunzi wa kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kosa lililoandikwa vizuri halishtui macho.

Kuhusu kudurufu kitabu kizima, sheria ya hakimiliki hairuhusu. Azima maktaba, au wanafunzi watatu mchangie nakala moja halali na mgawane zamu za kukitumia.

## Hatua ya 9: Andika uamuzi ndani ya jalada

Fungua jalada la mbele, uandike kwa kalamu: tarehe ya leo, kazi ambayo kitabu kinafaa, sura za kuziruka, na kila kosa ulilolikuta pamoja na sahihisho lake na ukurasa. Kwenye ukurasa wenyewe kata namba isiyo sahihi kwa mstari mmoja na uandike iliyo sahihi pembeni, kama unavyosahihisha chati ya mgonjwa, ili aliyekuja baada yako aone kilichokuwapo na kilichobadilishwa. Kama kitabu ni cha maktaba, andika kwenye kikaratasi na ukibandike.

Rudia maswali ya kupimia kila mwongozo mpya wa taifa unapotoka. Safari ya pili huchukua robo saa, kwa sababu kurasa za kufungua tayari zimeorodheshwa ndani ya jalada.